Uzi: Taa za bafuni zinazojiwasha zenyewe, na namna ya kuzifunga zisikuzimikie ukiwa na sabuni usoni

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa taa za sensa (kifaa kinachohisi kuwa kuna mtu) za bafuni na chooni: unaingia zinawaka, unatoka zinazima. Naufungua kwa sababu malalamiko ninayoyasikia juu ya taa hizi ni yale yale. Mtu yuko ndani, kajipaka sabuni, kafumba macho, akifumbua anakuta giza totoro. Anapunga mikono juu, taa haina habari naye. Na sakafu imelowa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kupinga apinge: kazi ngumu ya sensa ya bafuni si kuwasha. Kuwasha, hata ile ya bei ya chini kabisa inaweza. Kazi ngumu ni kujua kwamba mtu bado yumo. Sebuleni watu wanapita, jikoni wanazunguka, lakini chooni mtu anakaa akatulia, na kwenye shawa anasimama nyuma ya kioo au pazia. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jiulize sehemu mbili: ukiwa umekaa chooni, sensa inakuonaje? Ukiwa ndani ya shawa, inakuonaje? Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Sensa iliyozoeleka ni PIR, ile yenye kikombe cheupe cha plastiki kama jicho la mdudu. Yenyewe haitumi kitu, inapokea tu. Ngozi ya binadamu hutoa miale ya joto yenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 9 hadi 10, ambayo jicho haliioni. Ndani ya sensa kuna vipande viwili vinavyohisi joto hilo, vimeunganishwa ili kimoja kipingane na kingine. Kile kikombe cheupe ni lenzi ya Fresnel, aina ile ile iliyofungwa mara ya kwanza kwenye mnara wa taa wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823, ila hii imetengenezwa kwa plastiki nyembamba inayopitisha miale ya joto. Lenzi inagawa chumba katika vipande vipande kama vya chungwa. Ukitoka kipande kimoja kuingia kingine, joto linahama kutoka upande mmoja wa sensa kwenda wa pili, tofauti inatokea, taa inawaka. Ukitulia ndani ya kipande kimoja, hakuna tofauti, na kwa sensa ni kana kwamba haupo.

Hapo mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, PIR inamwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo usiifunge ukutani ikitazamana na mlango, maana anayeingia ataielekea. Iweke pembeni, mlango uikatize.

La pili ndilo linaloumiza watu: kioo cha shawa hakipitishi miale ile. Wewe unaona kupitia kioo bila shida, lakini kwa joto la maikromita 10 kioo ni ukuta. Akriliki ni hivyo hivyo, na pazia nene la shawa nalo linazuia sehemu kubwa. Mtu akishafunga mlango wa kioo, PIR iliyo nje haimwoni tena hata akicheza ngoma humo ndani.

Ongeza mvuke. Maji ya moto yakifunguliwa kwa muda, hewa na kuta zinapata joto linalokaribia la ngozi, na PIR inategemea tofauti kati ya hivyo viwili. Uwezo wake wa kuona mbali unapungua. Umande ukiganda juu ya lenzi ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa maji yanameza miale ya joto kwa nguvu sana. Lenzi iliyolowa ni jicho lililofungwa.

Nitaendelea na aina nyingine, ila ulizeni tu katikati.

#2 kibarazani

Mkuu, sasa kama PIR ina matatizo yote hayo mbona ndiyo imejaa kila mahali? Mimi ninayo chooni na sijawahi kuona shida.

#3 Mwanzisha uzi

Chooni kwako pengine hakuna shawa ya kioo, na sensa iko darini juu ya kichwa. Hapo PIR inafaa na mimi naifunga bila wasiwasi. Choo kidogo, sensa ya dari ya nyuzi 360, muda umewekwa dakika 10: mtu aliyekaa hata akigeuza kichwa tu au akinyoosha mkono inamwona, kwa sababu yuko karibu nayo na vipande vya lenzi ni vyembamba chini yake. Nafuu yake ni kubwa, inakula umeme kidogo, haichokozwi na mtu aliye chumba cha pili maana haioni kupitia ukuta. Siikatai hata kidogo. Ninachokataa ni kuipeleka PIR moja ikalinde chumba chenye kioo katikati.

Aina ya pili ni ya mikrowevu. Nyingi zinatumia masafa ya gigahezi 5.8. Hii inatuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi: kitu kikisogea, masafa yanayorudi yanabadilika kidogo. Inaona kupitia kioo, kupitia plastiki, kupitia mlango wa mbao na ukuta mwembamba. Ni sifa na ni aibu yake kwa pamoja. Utaifunga bafuni, na kila anayepita ukumbini ataiwasha. Hata maji yanayotembea kwenye bomba la plastiki ndani ya ukuta yanaweza kuiwasha. Ukiitumia, shusha usikivu hadi chini kabisa, kisha panda taratibu mpaka ianze kumwona aliye ndani bila kumwona aliye nje. Kwenye nyumba za kuta nyembamba hiyo nafasi ya katikati wakati mwingine haipatikani.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa bafu: rada ya mawimbi ya milimita. Zipo za gigahezi 24 na za gigahezi 60. Kwa 24 urefu wa wimbi ni milimita 12.5, kwa 60 ni milimita 5. Kifua cha mtu anayepumua kinapanda na kushuka kwa milimita chache, na kwa mawimbi mafupi namna hiyo mabadiliko hayo yanaonekana. Kwa maneno mengine, mtu amekaa hajatikisika, rada inajua yumo kwa sababu anapumua. Kioo kikavu inapita. Plastiki inapita, kwa hiyo unaweza kuificha nyuma ya mfuniko wa plastiki usio na tundu hata moja, mvuke usiifikie. PIR huwezi kuifanyia hivyo.

Nayo ina tabia zake. Feni ya kutoa hewa ikizunguka mbele yake, inaona kitu kinatembea. Pazia likipepea, hivyo hivyo. Malalamiko ya rada ni kinyume cha PIR: taa haizimi. Kwangu hilo ni kosa dogo, taa isiyozima inamaliza umeme kidogo, taa inayozima inamwangusha mtu. Na linarekebishika. Moduli ya LD2410 kwa mfano, ambayo wanaojitengenezea wanaitumia sana, inagawa umbali katika hatua za sentimita 75, na kila hatua unaipangia kiwango chake cha usikivu, cha mtu anayetembea na cha mtu aliyetulia. Feni ikiwa kwenye hatua ya nne, unaifumba macho hatua hiyo tu.

#4 waya_mwekundu

Fundi mwenzangu umeeleza vizuri. Lakini gusia suala la nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, maana hapo ndipo wateja wanapogombana na sisi. Mtu ananunua sensa ya kubadilisha swichi, unafungua kisanduku ukutani unakuta nyaya mbili tu.

#5 Mwanzisha uzi

Kweli kabisa, na bora mtu alijue kabla ya kununua.

Sensa ni kifaa kinachokula umeme muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Kinahitaji laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro, halafu kinatoa laivu ya tatu inayokwenda kwenye taa. Kwenye mchoro wa karatasi utaona L, N na L yenye alama pembeni au mshale. Hiyo ndiyo ya kwenda kwenye balbu. Sasa kwenye nyumba nyingi nyutro imepelekwa moja kwa moja kwenye taa darini, na swichi ya ukutani imepewa laivu inayoingia na laivu inayotoka tu. Nyaya mbili. Sensa ya nyaya tatu hapo haina pa kushika.

Zipo sensa za nyaya mbili zinazojilisha kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya balbu yenyewe. Enzi za balbu za waya wa kuwaka zilifanya kazi vizuri, umeme ule mdogo haukuonekana. Kwa LED hadithi ni nyingine: balbu inabaki inang'aa kidogo usiku kucha au inamemeta kila baada ya sekunde kadhaa, kwa sababu umeme ule mdogo unajaza kapasita ya ndani (kijipande kinachohifadhi umeme kidogo) hadi balbu inajaribu kuwaka. Dawa yake ni kapasita maalumu ya kufunga sambamba na taa, na watengenezaji wa sensa hizo huiuza au huiweka kwenye boksi. Lakini mimi njia ninayoipendelea ni kuhamisha sensa badala ya kulazimisha: ifunge darini pale taa ilipo, laivu na nyutro ziko hapo hapo. Swichi ya ukutani inabaki kama ilivyo, imewashwa siku zote, ikitumika kuzima kila kitu ukitaka.

Na kwa heshima zote, usimwachie mtu bafu ambalo halina swichi ya mkono. Sensa ni kifaa na kuna siku itakufa. Mpango ninaoufunga mara nyingi ni swichi ya vitufe viwili nje ya mlango. Kimoja kiko kwenye laivu inayoingia kwenye sensa, kukizima ni kuzima mfumo wote. Cha pili kinaunganisha laivu moja kwa moja kwenye taa, sambamba na sensa, kukiwasha ni taa kuwaka moja kwa moja bila kujali sensa inasemaje. Hakikisha tu vyote viwili vinatoka kwenye sakiti moja, na soma karatasi ya sensa yako uone kama inaruhusu kuunganishwa sambamba. Zenye rilei (swichi ndogo ya ndani inayoendeshwa na umeme) kwa kawaida hazina tatizo.

Jambo la rilei pia. Kwenye boksi utaona imeandikwa wati nyingi kwa balbu za zamani na wati chache zaidi kwa LED. Watu wanadhani ni makosa ya uchapaji. LED zina kapasita mlangoni mwa umeme, na sekunde ile ile zinapowashwa zinavuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kawaida. Vidole vya rilei ndogo vinaweza kuyeyuka vikashikana, na taa isizime tena milele. Fuata ile namba ya LED. Na balbu za CFL (zile za mrija uliojipinda) usizitumie kabisa kwenye sensa, kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara kunafupisha maisha yake, na zinachelewa kufikia mwanga kamili wakati mtu ameshatoka.

#6 mama_wawili

Kaka asante kwa uzi. Mimi nina watoto wawili ambao swichi hawaifikii, na mama mkwe anayeamka usiku mara kwa mara. Nimeogopa kidogo ulivyotaja umeme na sakafu iliyolowa. Sensa bafuni ni salama?

#7 Mwanzisha uzi

Dada yangu, ikifungwa mahali pake ni salama kuliko swichi, kwa sababu hakuna mkono uliolowa unaogusa chochote. Ila "mahali pake" ina maana kamili.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-7-701 kinagawa bafu katika kanda. Kanda 0 ni ndani ya beseni la kuogea au sinia ya shawa, pale maji yanapotuama. Kanda 1 ni juu yake, hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, au hadi kichwa cha shawa kama kiko juu zaidi. Kanda 2 ni sentimita 60 nje ya kanda 1, kimo kile kile. Kama shawa yako haina sinia, maji yanaanguka sakafuni moja kwa moja, kanda 1 inaenda hadi mita 1.2 kutoka shawa inapotokea na kanda 2 haipo. Ndani ya kanda 0 ni umeme mdogo tu, usiozidi volti 12 za AC, na kifaa kiwe na daraja la kinga la IPX7. Kanda 1 na 2 kifaa kisipungue IPX4. Namba ya mwisho ndiyo ya maji: 4 ni kurushiwa maji kutoka pande zote, 7 ni kuzamishwa.

Sheria za nchi zinaweza kukaza zaidi ya hapo, Uingereza kwa mfano swichi ya kawaida ya ukutani haikai ndani ya kanda hizi, ndiyo maana utaona kule wanatumia swichi ya kamba inayoning'inia. Mimi kanuni yangu ni rahisi: sensa ya umeme wa nyumba naiweka nje ya kanda zote, juu ya mita 2.25, na hata hapo nachagua yenye IP44 kwenda juu kwa sababu ya mvuke. Swichi inakaa nje ya mlango. Na sakiti ya bafu iwe na breka ya kuvuja umeme (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30. Kama ubao wako wa breka hauna hiyo, ifungwe kwanza, sensa ije baadaye. Hili sitalegeza kwa mtu yeyote.

Kazi ya kuunganisha mpe fundi umeme. Breka izimwe, na waya upimwe kwa mita, usiaminiwe kwa rangi yake. Kuna nyumba rangi zilichanganywa tangu zinajengwa.

Kuhusu mama mkwe, hapo sensa inalipa zaidi ya kitu kingine chochote humu, nitarudi kwake kwenye bandiko la usiku.

#8 kibarazani

Mimi nilidhani faida kubwa ni kuokoa umeme.

#9 Mwanzisha uzi

Tupige hesabu, mkuu. Taa ya LED ya wati 10, tuseme inasahaulika ikiwaka saa 5 kila siku. Hizo ni watisaa 50, kwa mwaka uniti 18 na kidogo. Sensa yenyewe ikila nusu wati saa 24, kwa mwaka ni uniti 4 na kidogo. Umeokoa kama uniti 14. Si haba, lakini haiwezi kuwa sababu ya kuchimba dari. Na kama nyumbani kwenu hamsahau kuzima, sensa itaongeza matumizi badala ya kupunguza. Kwa balbu ya zamani ya wati 60 ile ile ya saa 5, zingekuwa karibu uniti 110, hapo maneno yalikuwa na uzito. LED imeshaokoa sehemu kubwa kabla sensa haijafika.

Sababu za kweli ni mikono iliyolowa, mtoto asiyefikia swichi, mtu aliyebeba mtoto, na usiku.

#10 Mwanzisha uzi

Usiku sasa.

Taa kuu ya bafu kuwaka kwa nguvu zote saa nane za usiku ni mateso. Jicho lililozoea giza linapigwa, unarudi kitandani usingizi umekata. Ndani ya jicho kuna chembe zinazouambia mwili kwamba kumekucha, na zinaamshwa zaidi na mwanga wa buluu, wa karibu nanomita 480. Mwanga mweupe wa LED umejaa buluu hiyo. Kwa hiyo funga taa mbili: kuu kwa mchana na jioni, na ndogo ya rangi ya kaharabu au ya njano ya joto, 2700 Kelvini kwenda chini, kwa usiku. Hiyo ndogo ikae chini: ukanda wa LED chini ya kabati la sinki, au taa ndogo ukutani usawa wa magoti. Anayeamka usiku anachotafuta ni sakafu, kizingiti na bakuli la choo. Mwanga uangukie hapo, usimwangukie usoni.

Ukitumia ukanda wa volti 12, ile transfoma yake ikae nje ya bafu au juu ya dari, na ukanda uwe wa aina iliyofunikwa kwa silikoni.

Kwa mzee, usianzie bafuni. Taa ndogo ya sensa iwepo pia kwenye njia kutoka kitandani, ili asivuke giza kuufikia mwanga. Na hapa ndipo ninaposisitiza rada kuliko PIR: mzee akiteleza akaanguka, akalala sakafuni hajisogezi, PIR itamzimia taa ikiisha dakika zake. Rada itaendelea kumwona anapumua, na taa itabaki inawaka. Anayepita ukumbini ataona mwanga chini ya mlango muda mrefu kuliko kawaida. Mama wawili, kwa mama mkwe ningefunga hiyo.

#11 mpangaji

Na sisi tuliopanga? Mwenye nyumba hataki kusikia habari za kutoboa.

#12 Mwanzisha uzi

Zipo taa za betri zenye sensa ndani yake, za kubandika. Nyingine zinachajiwa kwa waya wa simu na zinashikwa na sumaku kwenye kibao kilichobandikwa ukutani, hizo ndizo nzuri kwa sababu unaitoa kwenda kuichaji bila kubandua gundi. Ibandike chini ya sinki au nyuma ya bakuli la choo, mbali na mvuke, na ukuta ufutwe mafuta na ukaushwe kwanza, la sivyo itaanguka. Nyingi zinazima baada ya sekunde 20 au 30, kwa hiyo itegemee kwa safari za usiku tu. Kuogea usiitegemee.

Nyingine ni balbu yenye sensa ndani, unaifunga kwenye holda ya kawaida. Inafaa choo kidogo chenye balbu wazi. Ukiiweka ndani ya taa yenye mfuniko wa kioo, soma tena bandiko la kwanza kuhusu kioo na PIR. Ya rada au mikrowevu ndani ya mfuniko itaona, ya PIR itapofuka.

#13 waya_mwekundu

Ongezea vile vitufe vitatu vya kuzungusha, watu wanaviacha vilivyotoka kiwandani.

#14 Mwanzisha uzi

Sawa. SENS ni usikivu, TIME ni muda, LUX ni kiwango cha giza kinachoruhusu taa kuwaka.

LUX kwenye bafu lisilo na dirisha ipeleke hadi alama ya jua, maana yake iwake wakati wowote. Lenye dirisha, subiri jioni saa ambayo wewe mwenyewe ungeanza kutamani taa, kisha punguza taratibu toka alama ya jua mpaka ikaribie kukataa, rudisha kidogo. Usifanye mchana kwa kukisia.

TIME ya PIR bafuni sishuki chini ya dakika 10. Kwa rada dakika 1 au 2 inatosha, kwa kuwa hesabu inaanza pale tu isipomwona mtu kabisa. Wakati wa kujaribu iweke chini kabisa ili usisubiri, na baada ya kuwasha umeme ipe PIR kama dakika moja itulie, kabla ya hapo itawaka na kuzima ovyo na utadhani ni mbovu.

SENS kwa PIR nyingi iache juu. Kama inawashwa na wanaopita ukumbini mlango ukiwa wazi, usishushe usikivu wa chumba kizima. Kata kipande cha utepe usiopitisha mwanga, bandika juu ya sehemu ya lenzi inayotazama mlangoni. Sensa nyingine zinakuja na kibandiko hicho kwenye boksi na watu wanakitupa.

Mambo ya mahali: isiwe juu ya shawa, isiwe karibu na hita, isipigwe na jua la dirishani, na isikae ubavuni mwa taa yenyewe. Feni ya kutoa hewa usiiunganishe kwenye rilei ile ile bila kuangalia. Mota inapozimwa inarudisha mshtuko wa umeme unaoweza kuichanganya sensa ikawasha tena, ukapata taa na feni zinazowaka na kuzima mchana kutwa. Feni nzuri ina kipima muda chake, inaendelea dakika 15 hivi baada ya taa kuzima, na mvuke unahitaji hizo dakika.

#15 kibarazani

Mkuu, bafu langu lina umbo la herufi L, choo kona moja, shawa ya kioo kona nyingine. Rada ya kufunga tayari sijaipata, nina PIR mbili tu. Nifanyeje?

#16 Mwanzisha uzi

Zifunge zote mbili, moja dari ya choo na nyingine dari ya upande wa shawa, nje ya kanda. Laivu na nyutro za pamoja, na zile laivu za kutokea ziungane kwenda kwenye taa moja. Yoyote ikiona mtu, taa inawaka.

Ya shawa bado itafungwa na kioo. Kama kioo hakifiki darini, sogeza sensa karibu nacho ili itazame kwa juu, ionekane sehemu ya kichwa na mabega. Kama kinafika darini, kuna njia ya mlango. Unafunga sensa ya sumaku mlangoni, ya kujua umefungwa au uko wazi, na kidhibiti kinafuata akili hii: mlango ukifungwa, halafu mwendo ukaonekana ndani baada ya kufungwa, basi kuna mtu, na hawezi kutoka bila kufungua mlango. Taa ibaki inawaka hadi mlango ufunguliwe, ndipo muda uanze kuhesabiwa. PIR inatakiwa kumwona mara moja tu, akiwa bado anavua nguo.

Hiyo inahitaji mfumo kama Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) au kidhibiti kidogo cha ESP32, na iendeshwe ndani ya nyumba, amri isipitie intaneti. Taa ya kuomba ruhusa kwenye seva ya mbali inachelewa, na intaneti ikikatika umebaki gizani. Angalizo moja kwa sensa za betri za Zigbee (mawasiliano yasiyo na waya ya vifaa vya nyumbani): nyingi zikishaona mwendo zinalala kama dakika nzima kuokoa betri, kwa hiyo muda wa kuzima usiwe mfupi kuliko huo usingizi. Na kwenye nyumba ambayo mlango wa bafu hauna desturi ya kufungwa, njia hii isahau.

#17 mama_wawili

Fundi wangu anakuja Jumamosi. Nimwambie nini ili nijue kazi imeisha vizuri, mimi nisiyejua umeme?

#18 Mwanzisha uzi

Mwambie hamalizi mpaka ajaribu mbele yako, na muda wa kuzima akiwa ameshauweka ule wa kudumu, sio wa majaribio.

Kwanza abonyeze kitufe cha kujaribu kwenye breka ya kuvuja umeme, ikatike. Kisha kaa wewe chooni, mlango umefungwa, tulia kabisa ukisoma simu, kwa muda unaozidi ule uliowekwa. Taa isizime. Halafu ingia ndani ya shawa, funga kioo, fungua maji ya moto hadi mvuke ujae, simama humo ukiwa umetulia muda ule ule. Isizime. Toka, funga mlango, hesabu: izime. Mtu apite ukumbini mara kadhaa: isiwake. Mtoto mdogo kuliko wote aingie peke yake, maana kimo chake si chako na sensa iliyopimwa kwa mtu mzima inaweza kumruka. Usiku urudie kwa taa ndogo, ukitokea kitandani.

Ikifeli kwenye kioo na mvuke, usikubali suluhisho la kuongeza muda uwe nusu saa. Sensa ihamishwe, au ibadilishwe iwe ya rada. Na kabla hajaondoka akuonyeshe kitufe cha kuwasha moja kwa moja kiko wapi, umwonyeshe na mama mkwe.